Kifungu cha Babu

Haji Bencherif hakuwa na habari kwamba amemkatalia mtu mjukuu wake. Jumapili hiyo, saa sita mchana, alikuwa kwenye kiti chake karibu na kipasha joto, soksi mbili mbili miguuni, anacheza dhumna na Si Mokhtar, yaani Bwana Mokhtar, wa ghorofa ya chini na kumwibia waziwazi. Jikoni wanawake watano walikuwa wamelizunguka sinia la semolina, ule unga wa ngano wa chenga, wakiisugua kuskusi ya wiki nzima. Wote walikuwa wakizungumza kwa pamoja na hakuna aliyekuwa akimsikiliza mwenzake. Habari za mtaa mzima wa Jean-Talon zilikuwa zimeshapita juu ya sinia lile: nani kaachwa, nani kapata uraia, nani kaonekana sokoni kavaa koti la mkewe.

Kengele ya mlango ikalia.

Aliyefungua ni mama mdogo Nouara, maana tangu waje Montreal kutoka Aljeria hakuna mlango uliowahi kufunguliwa na mtu mwingine yeye akiwepo. Alimkuta Lotfi Mansouri amesimama kwenye ngazi, theluji mabegani, suti nyeusi chini ya koti la zizini, na jibini kubwa kama gurudumu amelikumbatia kifuani.

"Yarabi," akasema Nouara, kwa sauti iliyopimwa ifike jikoni. "Daktari wa ng'ombe."

Jikoni, mikono ya Wassila, mjukuu wa Haji, ikasimama ndani ya semolina.

Alikuwa hajamwona mchumba wake kwa wiki tisa. Kila siku waliongea kwa simu, lakini simu haina mabega, na haina ile desturi ya Lotfi ya kuingia chumbani ameinamisha kichwa hata mlango ukiwa mrefu. Wassila akanyoosha shingo kuchungulia sebuleni. Lotfi naye alikuwa anatazama huko huko. Macho yakakutana juu ya vichwa vya wanawake wanne waliokuwa wamegeuka wote kwa pamoja, na Wassila akahisi moto unampanda kutoka shingoni hadi ukingo wa hijabu yake.

"Usisimame, unga utakauka," mama yake, Bi Zoulikha, akamwambia, uso umesharudi kwenye sinia. "Yule hukumwambia aje?"

"Sikumwambia, Mama."

"Basi amejituma mwenyewe. Saa nane barabarani na theluji hii, mtu mwenye akili zake?"

"Saba, Mama. Anaendesha haraka."

"Ndiyo maana nakuuliza habari ya akili zake."

Sebuleni, Lotfi alimkabidhi Nouara jibini, akavua viatu, akaenda moja kwa moja kwa Haji Bencherif. Akapiga magoti kwenye zulia, akambusu mzee kichwani, kisha akabaki hapo hapo chini kama mtu aliyekuja kuomba radhi ya damu.

"Babu," akasema, "nimekuja kwa miguu yangu. Sikutaka kumtuma mtu."

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Sitakula mpaka unisikilize. Najua umeweka sharti. Wassila ameniambia. Na mimi siji kubishana na sharti lako, wewe ndiye mkubwa. Nataka tu nilijue. Kama ni dini, niulize chochote. Kama ni ukoo, kwetu Relizane wanatujua. Kama ni ng'ombe—" Akalitazama koti lake la zizini. "Kama ni ng'ombe, Babu, hiyo ni kazi ya halali kama kazi nyingine."

Haji Bencherif alimtazama Si Mokhtar. Si Mokhtar akatumia nafasi hiyo kuchungulia kete za mzee.

"Sharti gani?" mzee akauliza.

"La kumzuia Wassila asihame."

"Mimi? Mimi nilishakupa huyu binti tangu Ramadhani. Ningekuwa na mwingine ningekuongezea. Nani kasema nimemzuia?"

"Yeye mwenyewe. Alhamisi, kwenye simu. Alisema hawezi kuja kwangu Abitibi kwa sababu ya kifungu cha babu. Halafu kengele ya shule ikalia, akakata. Tangu hapo sikutaka kumwuliza tena kwenye simu."

Wa kwanza kupasuka alikuwa Nouara. Alicheka mpaka akaliegemea jibini. Wanawake wakatoka jikoni na mikono myeupe, kila mmoja akimwuliza mwenzake amesema nini, na kila aliyeambiwa akikaa chini kwa kucheka. Si Mokhtar alifuta machozi.

"Kifungu cha babu si cha huyu babu, mwanangu," akamwambia Lotfi. "Ni cha sheria. Ile sheria ya alama za dini. Ilipotoka, walimu wenye hijabu waliokuwa kazini kabla ya tarehe fulani ya Machi waliachiwa hijabu zao. Wa zamani wabaki na ya zamani, wapya marufuku. Ndivyo watu wa huku wanavyokiita, kifungu cha babu. Wewe unakaa wapi hujui?"

"Zizini," Lotfi akasema taratibu.

"Inaonekana."

Ni Wassila peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, na alikuwa anaona uso wa Lotfi ukibadilika. Kwanza ahueni, kwamba mzee hakumkataa. Kisha, polepole, hesabu nyingine. Babu mtu unaweza kumpigia magoti. Utampigia magoti nani kwa ajili ya tarehe?

"Nipe koti langu, mama mdogo," akasema Wassila.

"Baridi hiyo?"

"Tutasimama kwenye ngazi. Mtatuona wote dirishani, msihangaike kuhama viti."

*

Ngazi za nyumba za mtaa ule ziko nje, za chuma, zinashuka kwa kujikunja mpaka barabarani. Walisimama ngazi mbili mbali, yeye juu, Lotfi chini, ndipo macho yao yakawa sawa.

"Umekonda," akasema Wassila.

"Una semolina hapa." Mkono wa Lotfi ulinyanyuka kuelekea usoni kwake, ukakumbuka adabu njiani, akaishia kulionyesha shavu lake mwenyewe. Wassila akajifuta shavu lisilo lenyewe. Hakuna aliyesahihisha.

"Uliamka saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri. Saa nane ninarudi, kesho nina majike matatu ya kuzalisha." Akapuliza viganja. "Nilikuwa nimejiandaa kwa babu, Wassila. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu. Hata hadithi za Mtume nilizipanga. Sasa nieleze hiki kifungu chenyewe, polepole, kama unavyowaeleza wale watoto."

"Nikibaki kwenye shule za bodi yangu hii, kazi yangu hii hii, naachiwa hijabu. Nikipandishwa cheo, nimekipoteza hicho kifungu. Nikihamia bodi nyingine ya shule, nimekipoteza. Nikija kwenu, mimi ni mwalimu mpya, na mwalimu mpya haingii darasani na hijabu. Na nikishatoka hapa siwezi kurudi nikasema nilikuwepo."

"Hata ukirudi hapo hapo kwenye darasa lako?"

"Hata hapo hapo."

Lotfi akatazama chini barabarani, ambako gari lake lilikuwa limekwisha funikwa nusu. Wassila alimfahamu. Mtu huyu akiwa na jambo zito hutazama magurudumu.

"Kuna nini?"

"Nilishaongea nao," akasema. "Mwalimu mkuu wa kule, Bi Ginette. Alimleta mbwa wake kwangu. Mwalimu wa darasa la tatu anastaafu Juni, na hawana mtu. Nikamwambia mchumba wangu ni mwalimu, miaka minane. Karibu anibusu. Akaniuliza kama unafunga kichwa. Nikamwambia unafunga. Akasema, 'Basi darasani itabidi avue, sheria si yangu.' Alisema kwa upole, Wassila. Si mtu mbaya. Wakati wa mafua alinipikia supu."

"Na wewe ukasemaje?"

Lotfi akarudi kutazama magurudumu.

"Lotfi. Ukasemaje?"

"Nikasema hakuna shida."

Dirishani, pazia la jikoni lilitikisika. Wassila hakuligeukia.

"Hakuna shida," akarudia.

"Nilikuwa na furaha. Mtu mwenye furaha husema chochote. Nilikuwa naiona nyumba, nakuona wewe unatoka shule saa tisa unapita kliniki, unanikuta na matope—"

"Shida ilikuwa kichwani kwangu. Kwa nini uijibie wewe?"

"Nilikosea."

"Ulinivua mbele ya mtu nisiyemjua, mimi nikiwa sipo."

Maneno hayo yalimchoma, yalionekana yakimchoma. Akavua kofia yake ya sufu, akaikunja, akaivaa tena.

"Sasa nisikilize na mimi," akasema. "Sikukuambia haya kwenye simu kwa sababu kwenye simu yanasikika kama malalamiko. Miaka sita niliendesha teksi mji huu na shahada ya udaktari wa wanyama ndani ya dashibodi. Kila abiria, swali moja: unatoka wapi? Hapana, unatoka wapi *kweli*? Nikapita mitihani yao, nikapata kibali, nikaenda kule ambako hakuna anayetaka kwenda. Na kule, Wassila, mtu akinisimamisha barabarani haniulizi natoka wapi. Ananiuliza kama ndama wake atapona. Wananiita daktari wetu. Kuna msalaba mkubwa njia panda, wa mbao, wakulima waliusimamisha enzi za mababu zao, na wanapoelekeza mtu kwangu wanasema, pinda kwenye msalaba, nyumba ya daktari wetu ndiyo ya pili. Mimi niko kwenye maelekezo yao. Unajua nilingoja hilo muda gani?"

"Najua."

"Mkataba wangu wa kule bado mwaka mmoja na miezi minane. Na hata ungekwisha kesho, sijui kama ningeweza kuwa mgeni tena."

Wassila akashika ukingo wa chuma. Ulikuwa wa baridi hata ndani ya glovu.

"Mwezi wa kwanza wa kazi," akasema, "watoto waliniuliza kama nina nywele. Nikawaambia ninazo. Wakaniuliza rangi gani. Nikawaambia. Wakaridhika. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyewahi kukiona kitambaa hiki. Wananiona mimi. Nina ishirini na wawili mwaka huu, na kuna mmoja anaitwa Félix haongei na mtu mwingine shule nzima. Nje ya kile chumba, kwenye basi, dukani, hijabu inaingia kabla yangu. Mle ndani naingia mimi kwanza. Chumba kimoja, Lotfi, madirisha matatu. Mimi nchi yangu ni hiyo. Nikitoka, mlango unajifunga nyuma yangu."

Jirani mmoja alipita chini anasukuma theluji kwa koleo, akawasalimia wote wawili kwa Kifaransa, akasema baridi itazidi kesho.

"Sitakuambia uivue," Lotfi akasema jirani alipopita. "Nataka ulijue hilo. Na sitakuambia uache watoto."

"Basi unaniambia nini?"

"Ndiyo shida. Sina la kukuambia." Akapandisha ngazi moja, akasimama. Walikuwa karibu sasa kiasi kwamba pumzi zao zilichanganyika zikawa wingu moja jeupe, na hilo ndilo lililokuwa mguso wao pekee. "Kwa hiyo jibu ni hapana?"

"Jibu ni siwezi kuja. Sijui kama ni neno hilo hilo."

Lotfi alimtazama muda mrefu, kama mtu anayehifadhi kitu. Kisha akaingia ndani kuaga. Alikula vijiko viwili vya kuskusi kwa heshima ya Haji, ambaye alimwapia mbele ya wote kwamba hakukataa na hatakataa. Saa nane kamili gari jekundu likatoka mtaani.

*

"Afadhali," akasema Bi Zoulikha.

Wageni walikuwa wameondoka mmoja mmoja, kila mmoja na sehemu yake ya kuskusi na sehemu yake ya habari. Nouara alibaki, maana Nouara hubaki. Wassila alikuwa anaosha sinia lililokwisha kuwa safi.

"Afadhali nini, Mama?"

"Yaishie mapema. Mwanamume yuko kule, wewe uko huku, mtafanyaje? Usiniambie mtaoana hivyo hivyo."

"Watu wanaoana hivyo hivyo."

"Mimi niliolewa hivyo hivyo." Bi Zoulikha akaketi. Alikuwa mwanamke wa kusema mambo akiwa amesimama, kwa hiyo Nouara akafunga bomba la maji. "Marehemu baba yako alitangulia huku miaka minne. Miaka minne niko Mostaganem kwa mama yake, na wewe tumboni, kisha mgongoni. Kila Ijumaa naenda kwa jirani mwenye simu. Nilikuwa mke wa simu. Unajua mke wa simu ni nani? Ni yule anayejua sauti ya mumewe ikiwa na mafua, lakini hajui kama mumewe ananenepa. Alipokuja kunipokea uwanja wa ndege nilimpita. Nilimpita, Wassila. Alikuwa na kipara."

"Lakini ulimpenda," Nouara akasema.

"Wewe nyamaza, hujaulizwa."

"Namkumbusha tu mtoto."

Bi Zoulikha akakunja kitambaa cha meza mara nne. "Nilimpenda," akasema. "Ndiyo maana ilikuwa mbaya."

Simu ya Wassila ikaita saa kumi na nusu. Aliijibu kabla ya mlio wa pili, mikono ikichuruzika maji, na hakwenda chumbani. Nyumba ile haikuwa na chumba ambacho Nouara hasikii.

"Niko kituo cha mafuta cha mwisho," Lotfi akasema. "Mbele ni msitu. Kwa muda wa saa mbili hakuna mtandao. Nimezima gari. Siingii hivi."

"Utagandia hapo."

"Basi nigande. Wassila, kesho asubuhi nitampigia Bi Ginette. Nitamwambia nilijibu swali lisilokuwa langu, na kwamba hatakuja mwalimu. Hilo la kwanza."

"La pili?"

"La pili sina. Nilifikiri saa mbili na nusu za njia zitanipa, hazikunipa."

Wassila akafumba macho. Alisikia lori likipita upande wa pili wa simu, na baada yake upepo, na baada ya upepo pumzi yake. Akaona jinsi angekuwa amekaa, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, taa za kituo zimemwangukia nusu uso. Alimtamani kiasi kwamba ilimbidi ashike meza.

"Mimi ninalo," akasema. "Lakini si zuri."

"Niambie."

"Sivui, na siachi darasa. Wewe usiache ng'ombe wako. Tuoane Mei, hivyo hivyo. Utakuja ukiweza, nitakuja shule zikifungwa. Majira ya joto yote nitakuwa kwako, nitapinda kwenye msalaba kama watu wengine. Mkataba ukiisha tutaona nani ana nguvu ya kuwa mgeni tena, na kama ni mimi, nitakuwa mimi, lakini nitaamua siku hiyo, si leo, na nitaamua mwenyewe. Mpaka hapo utakuwa na mke wa mbali. Nakuuliza, na usinijibu kwa huruma. Utamtaka mke wa mbali?"

Nouara alikuwa ameziba mdomo kwa taulo.

"Wassila," Lotfi akasema, "mimi nilikutaka hata babu yako alipokuwa amekataa."

Wassila akacheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine, na ilibidi ageukie ukuta. Alipogeuka tena, mama yake alikuwa amesimama mbele yake na kiganja wazi.

"Nipe."

"Mama—"

"Nipe simu."

Akampa. Bi Zoulikha aliiweka sikioni kama walivyoshika simu watu wa zamani, kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Siku zote alikuwa daktari wa ng'ombe. "Nisikilize, maana sitasema mara mbili. Usimpigie ukiwa umechoka. Baba yake alikuwa ananipigia akitoka zamu ya usiku, sauti imelala, na mimi miaka minne nilidhani amenichoka mimi. Lala kwanza, kisha piga. Hata kama ni kesho yake. Umenisikia? Na funga shingo yako. Endesha taratibu."

Akamrudishia Wassila simu, akaenda kuwasha jiko ambalo halikuwa na kitu cha kupika.

"Ingia," Wassila akamwambia Lotfi. "Giza linakuja."

"Naingia. Saa mbili."

"Najua."

Alisikia gari likiwaka, kisha barabara, kisha sauti yake ikianza kusema jina lake na kukatika katika herufi ya pili. Wassila hakuiweka simu mezani. Alivuta kiti hadi dirishani, akaketi nayo mapajani, mikono bado mibichi, na saa mbili za kwanza za mke wa mbali zikaanza kupita.